Kufunga, Kushindika na Kukomea: Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Funguo za Magari

1. Utangulizi

Uhakiki wa istilahi katika kurasa kama hizi umezoea kushughulikia orodha za maneno, na ni mara chache unaposhughulikia maandishi ambamo maneno hayo hutumika. Tunauliza kama neno limeundwa vema, kama linatamkika, na kama linafuata sarufi ya Kiswahili; hatuulizi kama mtu aliyelisoma aliweza kufanya kazi aliyoikusudia. Makala haya yanahakiki maandishi ya matumizi, nayo ni maelekezo ya Kiswahili yanayomfundisha mwenye gari jinsi ya kuingiza ufunguo mpya au rimoti mpya katika kumbukumbu ya gari lake, pasipo kumwita fundi.

Maandishi yenyewe ni karatasi ya kurasa mbili, isiyo na jina la mtafsiri wala la mchapaji, ambayo tulionyeshwa Matogoro, katika Manispaa ya Songea. Wengi wanaijua Matogoro kwa milima yake, ambako mto Ruvuma unaanzia, na kwa chuo chake cha ualimu. Mwalimu mmoja wa huko, mwenye gari dogo lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, alitupa karatasi hiyo pamoja na lalamiko lake. Gari lilimfikia likiwa na rimoti moja. Alinunua ya pili, akafuata maelekezo neno kwa neno. Rimoti mpya ikakubali, lakini ile ya zamani ikaacha kufanya kazi tangu saa hiyo. Aliporudia kazi ili airudishe ile ya zamani, ile mpya nayo ikakataa. Swali lake lilikuwa fupi: kosa ni langu, ni la gari, au ni la lugha?

Swali hilo linastahili jibu. Magari mengi madogo yanayoendeshwa Tanzania yaliingia nchini yakiwa yametumika, na sehemu kubwa yalitoka Japani. Vitabu vyake vya maelezo, kama vimo, vimeandikwa kwa Kijapani. Aidha, Songea iko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, ambako wataalamu wenye mashine za kazi hii ni wengi zaidi. Kwa hiyo mwenye gari wa Matogoro anayesoma karatasi ya Kiswahili hafanyi hivyo kwa kujifurahisha. Karatasi hiyo ndiyo fundi wake, na ikikosea hakuna mtu pembeni wa kumsahihisha.

2. Vitendo vitatu kwa kitenzi kimoja

Kasoro ya kwanza ya karatasi hii ni kutumia kitenzi kimoja, "kuprogramu", kwa mambo ambayo hufanywa na watu tofauti, kwa njia tofauti na kwa gharama tofauti. Ufunguo wa gari wa siku hizi huonekana kuwa kitu kimoja mkononi, lakini mara nyingi ni vyombo vitatu vilivyotiwa katika ganda moja.

Chombo cha kwanza ni ulimi wa chuma wenye meno, ambao huzungusha swichi na kufungua kitasa cha mlango. Kazi yake ni ya umbo tu. Anayeutengeneza ni mchonga funguo, na kitenzi chake tunacho tangu zamani: kuchonga.

Chombo cha pili ni chipu iliyofichwa kichwani mwa ufunguo. Kwa kawaida chipu hii haitegemei betri. Hupata nguvu kutoka katika koili iliyozungushiwa swichi, kisha hujitambulisha kwa kompyuta ya gari, ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi. Chipu ikitambuliwa, injini huruhusiwa kufanya kazi. Isipotambuliwa, injini haiwaki kabisa, au huwaka kwa muda mfupi sana kisha ikazimika, hata kama meno ya ufunguo yamechongwa sawasawa. Utaratibu huu ulienea katika miaka ya 1990, na Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari madogo mapya kuanzia Oktoba 1998.

Chombo cha tatu ni rimoti, yaani kitumaji cha mawimbi ya redio chenye betri yake na vitufe vyake. Rimoti hutuma msimbo, ambao katika magari mengi hubadilika kila kitufe kinapobonyezwa, kwa kipokezi kinachoongoza vitasa vya milango. Kuwaka kwa injini si kazi yake. Hata masafa ya mawimbi yake hutofautiana: rimoti nyingi za magari ya Ulaya hutumia megahezi 433.92, ilhali za magari ya Marekani na Japani huwa karibu na megahezi 315. Rimoti iliyotengenezwa kwa soko moja haisikiki na gari la soko jingine, hata mwenye gari awe mwangalifu namna gani.

Sasa mtu anapoambiwa kwamba ufunguo wake "umeprogramiwa", ameambiwa nini? Anaweza kuwa na rimoti inayofungua milango yote lakini ufunguo usiowasha injini; akaenda kumlaumu muuzaji, au akanunua rimoti nyingine, na huku kinachohitajika ni chipu kutambuliwa. Zaidi ya hayo, kitenzi chenyewe kinasumbua katika mnyambuliko. Katika kurasa mbili tu, mtafsiri ameandika "umeprogramiwa", "umeprogramuliwa" na "imefanyiwa programu". Neno linalomsumbua mwandishi wake kiasi hicho halijapata makao katika lugha.

Tunapendekeza vitenzi viwili, na vyote viwili wananchi wamekwisha kuvizoea. Kwa chipu, tuseme kusajili ufunguo. Kila mwenye simu Tanzania ameisajili laini yake, na anajua kwamba laini isiyosajiliwa, hata ikiwa nzima, haipigi simu. Maana hiyo hiyo ndiyo iliyoko katika chipu. Kwa rimoti, tuseme kuoanisha, kitenzi ambacho tayari kinatumika katika simu zenye maandishi ya Kiswahili pale vyombo viwili vinapounganishwa bila waya. Hivyo mchonga funguo anachonga, chipu inasajiliwa, na rimoti inaoanishwa. Neno programu libaki kuwa nomino, kama lilivyo katika kompyuta, wala lisilazimishwe kuwa kitenzi.

Utengano huo wa maneno ungemlazimisha mtafsiri kusema jambo ambalo karatasi imelinyamazia, nalo ni mipaka ya kazi hii. Kuoanisha rimoti mwenye gari aweza kukufanya mwenyewe katika magari mengi ya zamani kidogo. Kusajili ufunguo ni jambo jingine. Katika magari mengi ya Ford yaliyouzwa Marekani, mwenye gari aweza kusajili ufunguo wa tatu ikiwa tu anazo funguo mbili zilizokwisha kusajiliwa. Mwenye mmoja hawezi. Katika baadhi ya magari ya General Motors usajili huchukua kiasi cha dakika 30, na ukikamilika funguo zote za awali hufutwa. Katika magari mengine mengi, hasa mapya, hakuna njia isipokuwa mashine ya fundi. Maelekezo yaliyo mema yangeanza na maneno haya, kabla ya mtu kuugusa ufunguo wake wa pekee.

3. Mlango uliofungwa

Maelekezo ya kuoanisha rimoti katika magari ya Kijapani huwa ni mfululizo wa vitendo vya mlango, ufunguo na swichi, vilivyopangwa kwa namna ambayo dereva hawezi kuvifanya kwa bahati katika safari zake za kila siku. Kompyuta ya gari ikiuona mfululizo huo hutambua kwamba mwenye gari anataka kuongeza rimoti. Kitendo kimoja kikibadilishwa, mfululizo wote huwa si kitu.

Karatasi yetu imeandika "funga mlango" mara sita. Tuliichunguza mara kwa mara, na kwa kadiri tuonavyo, mara nne inamaanisha kuurudisha mlango mahali pake, na mara mbili inamaanisha kubonyeza kitufe cha ndani ili vitasa vijifunge. Kwa mwandishi wa asili hayo yalikuwa vitenzi viwili. Kwa mtafsiri yamekuwa kimoja, kwa sababu kitenzi kufunga cha Kiswahili cha kila siku kinabeba maana zote mbili. Na mwenziwe kufungua ana tabia hiyo hiyo. Mwalimu wetu alipofika penye "fungua mlango" akiwa ameketi ndani ya gari lililofungwa, aliuacha mlango wazi. Alichotakiwa kufanya ni kuondoa kitasa tu, mlango ukibaki umerudishwa.

Mtu aweza kusema kwamba huu ni umaskini wa Kiswahili. Hatukubaliani naye. Wazee wetu waliokuwa na milango ya mbao na makomeo walitofautisha mambo haya bila shida. Kushindika mlango ni kuurudisha bila ya kutia komeo wala ufunguo. Kukomea ni kuukaza kwa komeo. Kukomoa ni kuliondoa komeo hilo. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, na hayahitaji kikao chochote cha kuyasanifu. Kinachohitajika ni mtafsiri kuyakumbuka.

Hata hivyo, yapo mashaka mawili ambayo ni haki kuyataja. Kwanza, vijana wengi wa mijini hawalitumii tena neno kushindika, na katika gereji nyingi husemwa "loki mlango" na jambo likaisha. Pili, kukomoa kumepata maana nyingine ya kumtendea mtu jambo la kumwumiza, na maana hiyo ndiyo inayosikika zaidi mitaani. Kuhusu shaka ya kwanza, twaona kwamba maelekezo yanaweza kulifafanua neno mara moja mwanzoni, kama vile: "shindika mlango, yaani urudishe bila kuutia kitasa". Kuhusu la pili, kinachokomolewa mitaani ni mtu, na kinachokomolewa katika karatasi ni mlango, msomaji hatachanganyikiwa. Anayeona vigumu aandike "toa kitasa". Jambo lisilokubalika ni kuacha kitenzi kimoja kisimamie vitendo viwili katika kazi ambayo kuvitofautisha ndiyo kazi yenyewe.

4. Kuwasha nini?

Kasoro ya tatu iko katika kitenzi kuwasha. Swichi ya gari linalowashwa kwa ufunguo kwa kawaida ina vituo vinne. Katika kituo cha kwanza ufunguo huingia na kutoka, na usukani hukazwa. Katika cha pili redio hupata umeme. Katika cha tatu taa za dashibodi huwaka na mitambo ya umeme huwa tayari. Katika cha nne stata huzunguka na injini ikaanza kufanya kazi.

Maelekezo ya kuoanisha na ya kusajili kwa kawaida humtaka mtu afike kituo cha tatu na kuishia hapo. Karatasi yetu imeandika "washa gari". Hakuna Mswahili atakayesoma maneno hayo asipige stata. Akipiga stata amekwisha kutoka katika mfululizo, na atalazimika kuanza upya, wala hatajua kwa nini. Kwingineko katika karatasi ile ile imeandikwa "washa swichi", maneno yaliyo afadhali kidogo, lakini bado msomaji haambiwi asimame wapi.

Hapa hatuoni haja ya istilahi mpya. Inatosha kuandika: "zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usipige stata." Maneno haya ni marefu kuliko "washa swichi", lakini ufupi usioeleweka si sifa. Watafsiri wengi tumefundishwa kutafuta neno moja kwa kila neno la lugha ya asili, na mazoea hayo yametufanya tusahau kwamba sentensi iliyo wazi nayo ni tafsiri.

Tukumbuke pia kwamba magari yanayowashwa kwa kitufe hayana swichi ya kuzungushwa. Karatasi inayosema "maelekezo haya ni kwa magari yote", kama hii inavyosema katika mstari wake wa kwanza, imekosea kabla ya kuanza.

5. Hesabu ya "rudia"

Tumeliacha hadi sasa kosa lililomgharimu mwalimu wetu, kwa sababu ndilo dogo kuliko yote kwa sura na kubwa kuliko yote kwa madhara.

Katika magari kadhaa ya Toyota, hesabu ya mizunguko ya swichi ndiyo amri yenyewe. Mzunguko ni kutoka kituo cha kwanza hadi cha tatu na kurudi. Mzunguko 1 huamuru kompyuta kuongeza rimoti mpya juu ya zile zilizomo. Mizunguko 2 huamuru kuandika upya, yaani kufuta rimoti zote za awali na kubakiza zile tu zitakazooanishwa wakati huo. Baada ya hapo gari hujibu: vitasa hujikomea na kujikomoa mara 1 kwa kuongeza, na mara 2 kwa kuandika upya.

Karatasi ya Matogoro imeandika: zungusha swichi, kisha "rudia mara moja". Mtafsiri huenda alikusudia mzunguko mmoja kwa jumla. Lakini katika Kiswahili kurudia ni kufanya tena jambo lililokwisha kufanywa. Aliyezungusha swichi, kisha akarudia mara moja, amezungusha mara mbili. Mwalimu alitii lugha yake kama inavyopasa, na gari likatii amri lililopewa: likafuta rimoti ya zamani. Alipojaribu tena kwa rimoti ile ya zamani, amri ya kufuta ikatekelezwa mara ya pili, safari hii juu ya ile mpya. Kila mara vitasa vilijibu mara 2, na yeye akafurahi kwamba kazi imekubali, kwa maana karatasi haikumweleza majibu hayo yana maana gani.

Tunashauri kwamba katika maelekezo yoyote ya kiufundi neno "rudia" lisitumike pamoja na hesabu. Iandikwe "fanya mara 2 kwa jumla", au kila kitendo kipewe mstari wake. Shauri hili halihusu magari peke yake. Walimu wanaotunga maswali ya majaribio ya sayansi, na watumishi wa Serikali wanaotafsiri maelekezo ya kutumia dawa za mashambani, watakuwa wamekutana na "rudia mara mbili" hiyo hiyo. Anayepulizia dawa, kisha akarudia mara mbili, amepulizia mara tatu.

6. Majina ya vyombo

Kuhusu nomino, karatasi hii imejitahidi, na si haki kuinyima sifa. Imetumia chipu, rimoti, kitufe na betri, maneno ambayo kila fundi wa Songea anayaelewa. Mahali pamoja imetumia kitenzambali. Neno hili limeundwa kwa ufundi na linaeleza vizuri kazi ya chombo, lakini umma umekwisha kuchagua rimoti, kama ulivyochagua kompyuta na kuyaacha ngamizi na tarakilishi yakipambana vitabuni. Mtafsiri hana dhambi akitumia lolote kati ya hayo mawili. Dhambi yake ni kutumia yote mawili katika ukurasa mmoja, kwa maana msomaji hudhani kwamba majina mawili ni vyombo viwili.

Jina lililotushinda kulikubali ni "kizuiamwendo", ambalo karatasi imelitumia kwa utaratibu wa kuzuia injini isiwake bila chipu inayotambuliwa. Nchini Tanzania kifaa kiitwacho kidhibiti mwendo kinajulikana: ni kile kinachofungwa katika mabasi ili yasizidi kasi iliyowekwa. Msomaji atavichanganya, na sababu ni kwamba kinachozuiwa hapa si mwendo. Gari laweza kusukumwa likaenda. Injini ndiyo isiyowaka. Tunapendekeza kizuia injini, nalo liandikwe kwa maneno mawili ili kila sehemu isomeke. Mafundi wanaosema imobilaiza waendelee kusema hivyo gereji, mradi katika maandishi jina liwe moja.

7. Hitimisho

Ili tusiwe watu wa kulaumu tu, twaandika upya sehemu ya maelekezo hayo. Huu ni mfano wa lugha, wala si maelekezo ya gari fulani:

(a) Kusanya rimoti zote unazotaka zitumike, za zamani na mpya.
(b) Ingia ndani ya gari. Shindika mlango wa dereva, usiukomee.
(c) Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, kisha urudishe. Fanya hivyo mara 1 tu kwa jumla. Usipige stata.
(d) Sikiliza vitasa. Vikijikomea na kujikomoa mara 1, endelea. Vikifanya hivyo mara 2, acha kazi hapo, chomoa ufunguo na uanze upya, la sivyo rimoti za zamani zitafutika.

Hamna humo neno hata moja lililoundwa na kamati. Kinachotofautisha maelekezo haya na yale ya karatasi ni kwamba mwandishi amejiuliza, katika kila mstari, mkono wa msomaji utafanya nini. Hilo halijulikani kwa kuketi mezani na kamusi peke yake. Mtafsiri wa maelekezo ya gari hana budi kusimama kando ya gari akiwa na mtu asiyeijua lugha ya asili, amsomee, na amtazame anavyotenda. Pale mkono unaposita, tafsiri haijakamilika.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo kazi kubwa imefanywa ya kutafuta majina ya vitu. Uhakiki huu umetuonyesha kwamba sasa vitendo navyo vinadai haki yao, hasa vile vya kila siku ambavyo kwa kuvizoea tumeacha kuvitofautisha. Tunawaomba wasomaji, hususan walimu wa ufundi na watafsiri walioko mikoani, watuletee maneno yanayotumika katika gereji za kwao kwa kushindika, kukomea na kukomoa mlango wa gari. Yakiwapo yaliyo bora kuliko haya tutayapokea kwa furaha.

Kwa mwalimu wa Matogoro jibu letu ni hili: kosa halikuwa lake wala la gari. Rimoti zake mbili ni nzima. Azishike zote mbili, afuate hesabu ya mzunguko mmoja kwa kila rimoti, na asirudie.